Kosa la kumvamia mrushaji NFL: likaguliwe kwa video au libaki kwa refa?

Mwana wa Houston
Wakuu, salamu. Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu, leo nalitoa. Swali ni moja: kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kosa la kumvamia kwotabeki (mrushaji wa pasi) lianze kukaguliwa kwa marudio ya video kocha akipinga, au libaki kwa refa mmoja aliyesimama nyuma ya mrushaji?

Adhabu yenyewe mnaijua. Yadi 15 na majaribio manne ya kusogeza mpira yanahesabiwa upya. Timu iliyokuwa inajiandaa kuupiga mpira mbali na kuwaachia wenzao uwanja inafufuka. Januari 18, 2025, kwenye mchujo, Texans tulikuwa Arrowhead, uwanja wa Chiefs. Mlinzi wetu Will Anderson anamfikia Mahomes, kwotabeki wao, pasi haikushikwa, mguso ni mdogo, kitambaa cha njano cha adhabu. Kipindi cha tatu Mahomes anakimbia, anangoja walinzi wamkaribie ndipo anateleza chini. Walinzi wetu wawili wanagongana wao kwa wao, kitambaa tena! Hata Troy Aikman, kwotabeki wa zamani aliyekuwa akitangaza mechi, alilalamika hewani. Mashambulizi yote mawili yaliishia kwenye pointi. Tukatolewa 23-14.

Siombi huruma. Naomba kosa moja lihukumiwe sawa kwa kila mtu, kwa kila timu, kila wiki. Karibuni.

Jirani wa Arrowhead
"Texans tulikuwa." Wewe umeanza kuwa Texans lini, mkuu?

Nimesoma andiko lako lote nikitafuta mahali uliposema kwotabeki wenu Stroud aliangushwa mara 8 siku ile. Hakuna. Mpigaji wenu alikosa goli la mbali, akakosa la nyongeza, la mwisho likazuiwa. Hayo nayo ni refa? Tena kitambaa cha pili hakikuwa cha kumvamia mrushaji, kwa sababu Mahomes alikuwa amekwisha kuwa mkimbiaji. Ni kosa jingine kabisa kwenye kitabu.

Mnapenda kusema Chiefs wanabebwa. Oktoba 10, 2022, mechi ya Jumatatu usiku na Raiders, mlinzi wetu Chris Jones alimfikia kwotabeki wao Derek Carr kwa nyuma, akaunyakua mpira, wakaanguka wote wawili, mpira uko mkononi mwa Jones. Refa Carl Cheffers akatupa kitambaa. Adhabu ya kumvamia mrushaji, na mpira anao anayeadhibiwa! Januari 2019, fainali ya AFC, Jones huyohuyo alimgusa Brady, kwotabeki wa Patriots, begani, kitambaa, Patriots wakatutoa 37-31. Siku hiyo tulibebwa na nani?

Mwana wa Houston
Nimekuwa Houston tangu 2009, nimelea watoto watatu hapa, na sihitaji cheti chako cha ushabiki. Ila umejipiga mwenyewe. Matukio mawili uliyoyataja ndiyo hoja yangu. Ungekuwapo ukaguzi wa video Oktoba ile, Jones angebaki na mpira wake.

Mama Zainabu (nesi, Minneapolis)
Wanangu, mimi nauguza watu waliopata mtikisiko wa ubongo. Nawasoma hapa mnahesabu yadi, moyo unaniuma.

Oktoba 2022 mnayoisimulia, mnaisimulia kuanzia katikati. Septemba 25 Tua Tagovailoa, kwotabeki wa Dolphins, alianguka kwenye mechi na Bills, akainuka anayumba, akarudishwa uwanjani. Siku nne baadaye, usiku wa Alhamisi kule Cincinnati, alizungushwa akabwagwa chini, vidole vikamkakamaa mbele ya uso dunia nzima inatazama. Nilikuwa na mwanangu wa miaka 15 sebuleni. Nilizima televisheni. Na pigo lile halikupewa kitambaa!

Baada ya hapo marefa waliogopa. Oktoba 9 Grady Jarrett wa Falcons alimwangusha Brady, ambaye sasa alikuwa Buccaneers, kwa namna ya kawaida kabisa, akaadhibiwa, na timu yake ikapoteza nafasi ya kuurudisha mpira ikiwa nyuma 21-15. Kesho yake ikawa Jones na Carr. Lilikuwa kosa la refa, nakubali. Lakini nikiambiwa nichague kosa la refa au vidole vile, sihitaji muda wa kufikiri.

Fundi wa Columbus
Mama, shikamoo. Kwa heshima zote, "mnahesabu yadi" imenichoma. Unaongea kana kwamba anayerusha ndiye mwenye mwili na anayemkimbilia ni gari.

2018 NFL walikaza sheria ya uzito wa mwili, kwamba usimlalie mrushaji kwa uzito wako wote. Chanzo chake Anthony Barr wa Vikings kumwangukia Aaron Rodgers, kwotabeki wa Packers, Oktoba 2017, mtulinga (mfupa wa kati ya shingo na bega) ukavunjika. Sawa, walinde. Wiki ya tatu ya msimu ule mpya, William Hayes wa Dolphins anamwangusha Derek Carr, anajitahidi asimlalie, mguu unabaki vibaya, kano ya goti inakatika. Msimu wake ukaishia pale. Aliumia kwa sababu ya kutii sheria. Nani alizima televisheni kwa ajili ya Hayes?

Clay Matthews wa Packers aliadhibiwa wiki tatu mfululizo mwanzoni mwa msimu huohuo. Ya pili, dhidi ya Kirk Cousins wa Vikings, ilifuta pasi ambayo mlinzi wa Packers alikuwa ameshainasa, mechi ikaishia sare 29-29. Mtu wa zaidi ya kilo 110 anakimbia kwa nguvu zake zote, miguu imeshatoka ardhini, halafu unamwambia ageuke hewani kama paka. Mimi nanyanyua injini kila siku. Uzito ukishaondoka huuamrishi.

Mama Zainabu (nesi, Minneapolis)
Marahaba mwanangu. Sikusema hawana miili. Usiniwekee maneno mdomoni.

Kitabu cha Sheria (Dallas)
Ndugu zangu, sote tunapiga pembeni ya kiini. Kanuni za NFL zenyewe zinamwelekeza refa kwamba akiwa na shaka kuhusu kosa hili, siku zote aadhibu. Shaka inakwenda upande wa mrushaji. Ndiyo maana hakuna uwiano, na hautakuwapo, kwa sababu kila refa ana kiwango chake cha shaka. Mmoja hushtuka upesi, mwingine ni mzito.

Marudio ya video yana kanuni iliyo kinyume. Ili kugeuza uamuzi unahitaji ushahidi ulio wazi. Sasa uamuzi uliotolewa kwa shaka utaupinduaje kwa ushahidi usio na shaka? Utauangalia mwendo wa taratibu mara kumi na bado utaambiwa uamuzi unabaki. Tuliyaona 2019. Baada ya Saints kunyimwa kosa la wazi kwenye fainali yao na Rams, NFL iliruhusu kosa la kumzuia mpokeaji likaguliwe. Msimu mmoja tu, kila mtu akalia, 2020 likaondolewa. Rams walipopendekeza 2023 kosa la kumvamia mrushaji nalo likaguliwe, wenye timu hawakulipitisha.

Kwa hiyo Mwana wa Houston asiombe video kwanza. Aombe sentensi ile ya shaka ifutwe.

Nakato wa Boston
Fundi umenikumbusha mtu wetu. Kabla ya Matthews na Hayes alikuwapo Mganda wetu Mathias Kiwanuka, New York Giants. Novemba 26, 2006, wanaongoza Titans 21-0 robo ya mwisho inapoanza. Titans wanarudi, inafika jaribio la nne na yadi 10, Kiwanuka amemkumbatia Vince Young, kwotabeki wao, kazi imekwisha. Akamwachia! Alidhani mpira umeshatoka, akaogopa adhabu. Young akakimbia yadi 19, Titans wakashinda 24-21. Kijana wa msimu wa kwanza, New York nzima ikamwangukia.

Na huyu si mtoto wa mtu hivihivi. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda.

Kipchumba wa Eldoret
Dada, mimi hukesha hadi saa tisa usiku kutazama hizi mechi kwa hivyo siwezi nyamaza nikiona historia ikiharibiwa. Waziri mkuu wa kwanza wa Uganda ni Milton Obote. Tulifundishwa shule ya msingi. Oktoba 9, 1962, bendera inapanda, waziri mkuu ni Obote.

Halafu "Mganda wetu" kivipi? Kiwanuka alizaliwa Indianapolis. Kama ni mtu wetu, sema Daniel Adongo. Mkenya, mchezaji wa raga, hajawahi cheza mpira huu maishani, 2013 akasajiliwa na Colts na akaingia uwanjani mwaka huohuo. Huyo ndiye alitoka huku na miguu yake.

Nakato wa Boston
Sasa uhuru na uwaziri mkuu ni kitu kimoja? Kiwanuka alishinda uchaguzi wa 1961 na chama chake cha DP, akawa kiongozi wa serikali. Machi 1, 1962 Uganda ikapata serikali ya ndani na yeye akawa waziri mkuu. Obote alichukua baada ya uchaguzi wa Aprili. Wa kwanza ni wa kwanza hata akikaa siku 60. Shule yako ya msingi ilianzia katikati ya kitabu.

Na kuhusu damu, ukoo haufutwi na hospitali mtu aliyozaliwa. Watoto wangu wamezaliwa Boston. Njoo uwaambie wao si Waganda, nikiwa nimesimama hapo.

Kipchumba wa Eldoret
Wapi nilitaja watoto wako? Mimi nasema Adongo.

Jirani wa Arrowhead
Adongo alicheza mechi ngapi? Kiwanuka ana miaka tisa Giants. Huwezi kuwalinganisha.

Kipchumba wa Eldoret
Chache, aliumia. Lakini toa mtu Kapsabet, umweke kati ya watu wamecheza hii kitu tangu utoto, uone kama atamaliza mazoezi ya siku ya kwanza. Adongo alimaliza.

Mzaliwa wa Goma (Des Moines)
Bandugu, polepole. Huyo babu tusimtaje kama jina la kupamba. Alikuwa Jaji Mkuu wakati wa Amin, Septemba 1972 wakamkamata akiwa mahakamani na hakurudi. Familia ikibaki na jina lile, ni jina lenye uzito. Sisi wa Congo tunajua watu wa namna hiyo. Tumtaje kwa adabu.

Nakato wa Boston
Asante sana ndugu. Webale.

Mwana wa Houston
Wakuu, naomba turudi kwenye kosa la kumvamia mrushaji. Obote hakuwahi kutupa kitambaa.

Kipchumba wa Eldoret
Narudi, na narudi kwa njia ya raga hiyohiyo mnayoidharau. Fainali ya Kombe la Dunia 2023, Afrika Kusini na New Zealand. Nahodha Sam Cane anampiga mtu juu, refa anatoa kadi ya njano, maofisa wa video wanaangalia mchezo ukiendelea, inakuwa nyekundu. Fainali! Matokeo 12-11. Watu walilia, lakini hakuna aliyesema hajui kwa nini. Sababu ilielezwa. Huku refa anasema "namba fulani, kumvamia mrushaji, yadi 15" na kusonga. Mara nyingi hasemi ni kichwa, ni goti, ama ni uzito. Mlinzi atajifunza nini hapo?

Fundi wa Columbus
Hii ndiyo hoja bora niliyoisoma leo. Ataje ni kipengele gani.

Ngozi ya Simba (Charlotte)
Nimenyamaza vya kutosha. Mnazungumzia Brady, Rodgers, Mahomes. Kuna mtu mmoja hamumtaji, na ndiyo sababu mimi siamini kwamba tatizo ni "shaka" tu.

Cam Newton, kwotabeki wetu wa Panthers. Septemba 2016, mechi ya ufunguzi wa msimu na Broncos, alipigwa kwenye kofia tena na tena. Nilikuwa nahesabu na mdogo wangu kwenye kochi. Kitambaa kimoja tu kilitupwa, nacho kikafutana na kosa lake mwenyewe. Mwaka mmoja kabla alisema refa Ed Hochuli alimwambia hajafikisha umri wa kupewa kosa lile. Hochuli alikanusha. Mimi namwamini Newton. Mtu ni mkubwa, ni mweusi, ana nguvu, basi mwili wake hauumi. Sisi tunaoishi nchi hii tunaijua fikra hiyo hata nje ya uwanja.

Jirani wa Arrowhead
Mahomes baba yake ni mweusi, na mnasema anapendelewa kuliko wote. Chagueni moja.

Ngozi ya Simba (Charlotte)
Mfano mmoja haufuti mwingine. Mahomes amesaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya kama dola milioni 450. Analindwa kama benki inavyolindwa. Newton alikuwa mchezaji bora wa ligi msimu wa 2015 na mwaka uliofuata wakamwacha apigwe kichwani. Nionyeshe maelezo mengine nami nitakaa kimya.

Jirani wa Arrowhead
Maelezo mengine ni kwamba alikuwa anakimbia na mpira. Mrushaji akishakimbia anapoteza ulinzi wake. Si kila kitu ni rangi, kaka. Unawaita watu wabaguzi bila kuwajua.

Ngozi ya Simba (Charlotte)
Sikuita mtu mbaguzi. Nimesema nilichokiona. Na mapigo ninayoyasema alipigwa akirusha, akiwa amesimama. Katazame mechi kwanza ndipo unifundishe sheria.

Mama Zainabu (nesi, Minneapolis)
Ngozi ya Simba, hili lako ninalijua kwa upande wangu. Hospitalini nimeona mgonjwa mwenye mwili mkubwa akiambiwa asubiri kwa sababu "anaonekana yuko sawa". Sitakubishia.

Nami niwaambie kwa nini nimeandika. Yule mwanangu wa miaka 15 sasa ana 18, na anacheza upande wa ulinzi, shule ya sekondari hapa. Haishii kutazama televisheni, anawawinda warushaji wenyewe. Ijumaa nakaa jukwaani nikimwombea mtoto wa mama mwingine asiumie na wangu asivunje goti akijaribu kuanguka upande. Kocha anawafundisha kuzunguka wakiwa hewani, wamshike mrushaji na kumgeuza ili wao waanguke chini yake. Nimemwona akifanya mazoezi hayo na gunia uani. Mara nyingine anaweza, mara nyingine bega lake linapiga chini kwanza. Kwa hiyo Fundi, swali lako la Hayes nalijibu sasa. Ningekuwa namjua wakati ule, televisheni ningeizima pia.

Fundi wa Columbus
Mama, nisamehe. Nilikujibu kama shabiki.

Mama Zainabu (nesi, Minneapolis)
Hakuna kosa mwanangu.

Kitabu cha Sheria (Dallas)
Bado hakuna aliyenijibu kuhusu sentensi ya shaka.

Mwana wa Houston
Nakujibu mimi, maana mada ni yangu. Nilikuja nikitaka video, na bado naitaka, kwa matukio kama la Jones na mpira mkononi, ambapo hakuna shaka ya kubishania. Ila nimebadilika kidogo. Anderson wetu siku ile hata kocha angeruhusiwa kupinga, wangesema kichwa kiliguswa, uamuzi unabaki. Umenionyesha hilo na sikulipenda. Lakini ukifuta sentensi ile, refa naye akiwa na shaka aache, atakayelipa ni Tua wa kesho. Hapo ndipo ninapokwama. Wewe unamlindaje?

Kitabu cha Sheria (Dallas)
Kichwa na goti viwe na adhabu hata kwa shaka. Uzito wa mwili uondolewe kwenye shaka, uadhibiwe pale tu refa alipouona kwa macho yake. Hayes angekuwa amecheza msimu wake wote.

Jirani wa Arrowhead
Hapo nakubali. Na sijawahi kukubali kitu kwenye mada ya mtu wa Houston.

Nakato wa Boston
Kabla hatujatawanyika. Nimeitafuta tena ile picha ya Kiwanuka usiku huu, kwa sababu Kipchumba alinitia hasira na nilitaka kuona mwenyewe. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young. Mikono ya Kiwanuka ilikuwa imemzunguka kiunoni kabisa, miguu ya Young inakaribia kukata tamaa. Halafu mikono inafunguka. Yeye mwenyewe anasimama wima, mikono pembeni, kama mtu anayemwonyesha refa kwamba hana kitu. Young anamwangalia nusu sekunde, kama haamini, ndipo anakimbia.

Kipchumba wa Eldoret
Nimeiona sasa. Pole. Na ile ya Machi 1962 nimeuliza mzee wangu, amesema uko sawa.